Rekodi za kaunti: ni lazima useme unazitakia nini?

Mwanzisha mada, Kaptembwo: Watu wa Nakuru, hebu tuliongee hili bila kuchomana. Majengo mengi ya serikali, ukifika getini kuna daftari la wageni: jina, namba ya kitambulisho, simu, unaenda kwa nani, sababu. Kitambulisho kinabaki kwa askari, unapewa kadi ya mgeni. Hapo sina neno. Shida iko kwenye kaunta. Niliwahi kuomba nakala ya mkataba wa barabara ya mtaani katika ofisi moja ambayo sitaitaja; murram ilimwagwa kidogo, mkandarasi akatoweka. Karani hakuuliza ni barabara gani. Aliuliza, "Umetumwa na nani?"

Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema wazi kwamba sababu yako, au ile afisa anayoishuku, haigusi haki hiyo. Jibu litoke ndani ya siku 21. Likiwa jambo la uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Kwa hivyo swali la sababu liishie getini. Nani anapinga?

Karani mstaafu: Mimi. Mtu anakuja anataka faili la reti, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, za ploti isiyo yake: jina la mwenyewe, simu, deni. Baadaye unasikia ploti imeuzwa na wakora. Nisimuulize? Na tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, nikitoa namba ya mtu ovyo mzigo ni wangu. Ila hilo la "umetumwa na nani" ni ujeuri tu, silitetei.

Mwanzisha mada: Mzee wangu, faili la jirani na mkataba uliolipwa kwa pesa ya umma ni vitu viwili. Faragha ya mtu, hata sheria ya 2016 inailinda. Ficha simu, nipe kurasa zingine. Mbona mkataba wa barabara unalindwa kama siri ya ndoa?

Bodaboda wa Free Area: Wekeni kila kitu mtandaoni tumalizane.

Dada wa Njoro: Mtandaoni kwa simu ya mulika mwizi? Mama yangu hajui kuandika. Sheria hiyo hiyo inamtaka afisa amwandikie ombi lake, lakini nani amewahi kumwambia? Na nusu ya foleni huwa imekosea jengo. Hatimiliki na cheti cha kuzaliwa ni vya serikali kuu. Kaunti ina leseni za biashara, reti, idhini ya ramani za ujenzi, mambo ya soko. Mtu anayajua hayo nauli ikishaisha. Bango moja tu pale nje lingefaa kuliko haya mabishano yenu.

Karani mstaafu: Kwa bango nakuunga mkono. Kwa swali, bado nitauliza. Lakini kijana, usiombe kwa mdomo. Andika, kwa Kiswahili inakubalika, toa nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wanaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Wakikunyima, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman.

Dada wa Njoro: Na kama mwenye muhuri "ametoka kidogo"?