Mashine safi ya kutengenezea vifurushi: snapshoti, Windows Sandbox au kompyuta ya pembeni?

Mpakiaji: Wakuu, salaam. Natakiwa kuamua ndani ya wiki hii. Kazi yangu ni kutengeneza vifurushi vya kusakinisha programu, na mashine ninayojaribia imejaa mabaki ya kazi za nyuma. Nina njia tatu: mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine) yenye snapshoti, yaani picha ya hali yake ninayoweza kuirudia, Windows Sandbox, au kompyuta ya pembeni niwe naifuta kila mara. Nichukue ipi?

BwanaDiski: Snapshoti. Unasakinisha Windows, unapiga snapshoti, unajaribu, unarudisha. Hyper-V, programu ya kuendesha mashine pepe, imo tayari ndani ya Windows Pro, unaiwasha tu. Kompyuta ya pembeni itakuchosha. Hata ukiwa na nakala ya diski kwenye Clonezilla, kila jaribio linaanza kwa kusubiri.

Zuhra_K: Mkuu Mpakiaji, hujasema kazi yenyewe. Unaandika MSI (faili la kusakinisha la Windows) ya programu yenu, au unachukua kisakinishi cha wengine na kukifunga upya kwa kulinganisha mfumo kabla na baada? Na ni Windows ipi, RAM kiasi gani?

Seluwa: Mimi Sandbox. Ilikuja na Windows 10 toleo 1903, mwaka 2019. Kila ukiifungua unapata Windows mpya, ukiifunga vyote vinafutika. Unaandika faili fupi la .wsb linaloonyesha folda ya vifurushi, unalibofya, unaanza kazi. Kwenye snapshoti mtu husahau kurudisha, anaendelea kujaribu juu ya uchafu wa jana.

BwanaDiski: Na kisakinishi kikidai kompyuta iwashwe upya katikati?

Seluwa: Kuanzia Windows 11 22H2, ukiwasha upya ukiwa ndani yake vitu vinabaki. Shida yake kubwa ni kwamba kwenye Windows Home haipo.

Mpakiaji: Dada Zuhra, ni kufunga upya. Windows 11 Pro, RAM 16 GB. Kompyuta za watumiaji zote ziko kwenye domeni, yaani zinasimamiwa pamoja na seva ya ofisi.

Zuhra_K: Kama ni kufunga upya, usafi ndio kazi yenyewe. Chombo cha kulinganisha kinaandika kilichobadilika tu. Kitu kilichokuwapo tangu mwanzo hakikioni.

Kuna ofisi nilikuta mashine inayoitwa safi, lakini mtu alishaweka humo Visual C++ Redistributable (faili za Microsoft ambazo programu nyingi huzitegemea) kwa ajili ya kazi yake nyingine, kisha snapshoti ikapigwa juu yake. Kifurushi kikatengenezwa, kikajaribiwa kwenye mashine hiyohiyo, kikapita. Kilipopelekwa kwa watumiaji, programu ikagoma kufunguka: VCRUNTIME140.dll haipo. Na haikugoma kwa wote! Wale ambao tayari walikuwa na programu nyingine iliyoleta faili hilo waliendelea vizuri, kwa hiyo lawama zikaenda kwa mtandao, kisha kwa antivairasi, kisha kwa watumiaji wenyewe. Kila tuliporudia jaribio kwenye mashine yetu lilipita. Tulikuja kuona tatizo siku tuliposakinisha Windows upya kabisa, bila kuongeza chochote.

Kwa hiyo njia yoyote utakayochagua, hata Office usiiweke. Na zima masasisho ya Windows kabla ya kupiga picha ya kwanza ya kulinganisha, la sivyo faili za sasisho zitaingia kwenye kifurushi chako.

Kasiki: Kuhusu domeni: usiiunganishe mashine hiyo. Kompyuta ya domeni hubadilisha nenosiri lake yenyewe, kwa kawaida kila siku 30. Ukirudisha snapshoti ya zamani inarudi na nenosiri la zamani, na domeni inaikataa. Antivairasi nayo iondoe.

BwanaDiski: Antivairasi isiondolewe! Watumiaji wanayo. Ukijaribu bila hiyo umejaribu mazingira yasiyokuwepo.

Kasiki: Nasema wakati wa kutengeneza, si wakati wa kujaribu. Antivairasi huandika kumbukumbu zake kila sekunde, zote zinaonekana kama mabadiliko.

Seluwa: Basi hizo ni mashine mbili.

Mtegemezi: Upande wa Linux jambo hili lina zana zake. Debian kuna pbuilder na sbuild, Fedora kuna mock. Kila kifurushi kinajengwa ndani ya mfumo mtupu wenye vile tu ulivyovitaja. Ukisahau kutaja kimoja, ujenzi unakatika palepale, haufiki kwa mtumiaji.

BwanaDiski: Mtegemezi, mtu kauliza Windows.

Mtegemezi: Najua. Ila kanuni ni hiyohiyo, tena yafaa Windows wangekuwa nayo.

Mpakiaji: Nimeanza kuegemea Hyper-V. Kimoja kati ya vifurushi kina draiva ya printa ya lebo, ya USB. Itasumbua?

Zuhra_K: Hilo ulipaswa kulitaja mwanzo. Hyper-V haipitishi USB ya printa moja kwa moja. VirtualBox inaweza.

Kasiki: Kwa draiva mimi siamini mashine pepe yoyote. Hapo kompyuta ya pembeni inarudi mezani.

BwanaDiski: Kwa kifurushi kimoja tu? Printa ni ya aina gani, na draiva imesainiwa kidijitali na mtengenezaji?