Siku mbili Roma tukiwa marafiki watano: tuache kipi?

Swali

Ndugu wanajamvi, salaam. Mwezi Mei mimi na marafiki zangu wanne tutakuwa Roma kwa siku mbili kamili. Orodha yetu imejaa kupita kiasi: Colosseum (uwanja wa kale wa mapambano), Foro Romano (magofu ya kitovu cha mji wa kale), Pantheon (hekalu la kale lenye kuba), Chemchemi ya Trevi, Ngazi za Hispania, Basilika ya Mtakatifu Petro na Makumbusho ya Vatikani. Shida ni kwamba mmoja wetu anaweza kusimama mbele ya mchoro mmoja saa nzima, mwingine anataka picha tu, na mwenzetu mwingine goti humsumbua akitembea sana. Je, tunaweza kuyaona yote bila kugombana, na kama haiwezekani, ninyi mngeacha kipi?

Jibu la 1

Inawezekana, ila mtakachokumbuka zaidi ni foleni. Mimi ningeacha Makumbusho ya Vatikani bila kusita, kwa kuwa kumbi zake ni nyingi mno, na asiyependa michoro huanza kulalamika kabla hajafika nusu. Anzeni na Colosseum asubuhi. Tiketi zake hukatwa mapema kwenye intaneti, kila moja ikiwa na jina la mwenyewe na saa ya kuingia, kwa hiyo kila mtu awe na pasipoti yake mkononi. Mwenzetu mmoja aliiacha yake hotelini, tukamsubiri juani hadi zamu yetu ikapita. Tiketi hiyo hiyo huwaingiza pia Foro Romano na kilima cha Palatino, ambako mpiga picha wenu atayaona magofu yote kwa pamoja kutoka juu. Kwa mwenye goti, Colosseum ina lifti, lakini njia za Foro zimetandikwa mawe makubwa yasiyo sawa na kivuli ni haba, hivyo asilazimishwe kuongozana nanyi hadi mwisho.

Jibu la 2

Namheshimu mchangiaji aliyetangulia, lakini ushauri wa kuacha Makumbusho siukubali. Kikanisa cha Sistina, ambacho dari yake msanii Michelangelo aliichora kati ya mwaka 1508 na 1512, kimo ndani ya makumbusho hayo hayo, wala mtalii hana mlango mwingine wa kuingilia. Kwa nini mpenda michoro afike Roma, kisha akose kile alichokifuata kwa sababu tu wenzake huchoka? Gawanyikeni. Yeye aende huko (mpiga picha asimfuate, maana ndani ya Sistina picha haziruhusiwi), nanyi mwingie Basilika ya Mtakatifu Petro, ambayo haina kiingilio ingawa foleni ya ukaguzi wa usalama huwa ndefu. Wenye nguvu wapande kuba la Basilika: ngazi ni 551, na hata mkilipia lifti zinabaki zaidi ya 300, tena katika njia nyembamba inayoinama kufuata ukuta. Kubalianeni kukutana kwenye ule mnara wa jiwe ulio katikati ya uwanja wa mbele ya Basilika, ambao haumpotei mtu. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Angalieni pia kalenda, kwa kuwa Jumapili makumbusho hufungwa, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, na Jumatano asubuhi uwanja huo hujaa watu waliokuja kumsikiliza Papa.

Jibu la 3

Nashangaa hakuna aliyeutaja Uwanja wa Navona, ambao hauna tiketi wala lango. Hapo ipo chemchemi ya mchongaji Bernini, iliyokamilika mwaka 1651, yenye sanamu za mito minne, na ile ya Nile imefunikwa uso kwa kitambaa. Inaelezwa kwamba Ulaya ya wakati huo haikujua mto huo unaanzia wapi. Nilicheka peke yangu, maana waliokuwa wakiishi kwenye chanzo chake hawakuwa wamefunikwa uso. Kutoka hapo hadi Pantheon ni mwendo wa dakika chache. Mvua ikinyesha siku hiyo, furahini: tundu la juu ya kuba lake halina kioo, na maji huanguka moja kwa moja sakafuni, kisha hutokomea kwenye vitundu vidogo vilivyotobolewa katika marumaru. Kuba lenyewe lina upana wa mita 43, sawa na kimo chake kutoka sakafuni, na ni la zege lisilo na chuma ndani yake, nalo limesimama tangu enzi za Kaisari Hadrian, katika karne ya pili. Kiingilio kimeanza kutozwa mwaka 2023.

Trevi nendeni alfajiri, kwa kuwa jioni mtaona migongo ya watu kuliko maji. Ngazi za Hispania ndizo ningezifuta: tangu mwaka 2019 kuketi juu yake ni marufuku na faini ipo, hivyo mwenye goti hatapata hata pa kupumzikia.

Muuliza swali

Nawashukuru nyote. Nimewasomea wenzangu majibu haya, na Ngazi za Hispania zimefutwa kwa kauli moja. Mpenda michoro atakwenda Vatikani peke yake, nasi tutamsubiri penye mnara. Mwenye goti anasema Foro hataingia, atakaa Navona akiitazama hiyo Nile hadi tumpitie. Kilichobaki ni Trevi alfajiri: kati ya watano, aliyekubali kuamka ni mimi tu.