Kibali cha kazi baada ya masomo Kanada, kweli kinageuka PR (ukaazi wa kudumu)?

Mbagala_Kwetu:
Wakuu habari za mchana, naomba msaada. Mdogo wangu kapata chuo Kanada, masters ya miaka miwili, sasa kuna ajenti hapa mjini kamwambia mzee kwamba dogo akimaliza tu anapewa kibali cha kazi cha miaka mitatu na hicho ndo kinageuka PR chenyewe. Mzee kashaanza kutafuta mteja wa kiwanja cha Chanika. Ni kweli au maneno ya biashara?

Mama_Kigamboni:
Mdogo wangu, mwambie mzee asiuze kwa ahadi hiyo. Miaka mitatu ni kweli, ila hakigeuki chochote, kikiisha kimeisha na unapewa mara moja tu maishani. Kinachombeba ni kazi atakayofanya humo ndani, akimaliza mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi, yaani TEER 0 hadi 3 (madaraja ya kazi ya Kanada, 0 ndo la juu na 5 la chini), ndo anaruhusiwa kujiandikisha Express Entry, mfumo wa mtandaoni wa kuombea PR, kwa njia ya Canadian Experience Class (CEC), ya wenye uzoefu wa kazi Kanada, na kule wanashindanishwa kwa pointi za umri, elimu, lugha na uzoefu, mwenye pointi chache haitwi. Na kazi alizofanya akiwa mwanafunzi wa kutwa hazihesabiwi kwenye huo mwaka.

Mbagala_Kwetu:
Asante sana dada. Kwa hiyo akianzia supamaketi ajipange kwanza? Na Uingereza je, maana huko nako kapata.

Upanga_Boy:
Kupokea hela kaunta ni TEER 5 mkuu, atafanya hata miaka miwili na kwenye CEC ni sifuri, huku kibali kinakatika. Atafute kazi ya fani yake mapema, atunze slipu za mshahara na barua ya mwajiri yenye majukumu na masaa. Uingereza Graduate visa, kibali chao cha kazi baada ya masomo, ni miaka 2, watakaoomba kuanzia Januari 2027 miezi 18, PhD tu ndo wanabaki na 3, na muda huo hauingii kwenye miaka ya Skilled Worker, visa ya kazi ya ujuzi, inayohesabiwa kupata ukaazi wa kudumu, inabidi apate mwajiri mwenye leseni ya kumdhamini.

Mama_Kigamboni:
Halafu kwa PR ya Kanada, IELTS Academic (mtihani wa Kiingereza) aliyoombea chuo haifai, wanataka ile ya General Training. Na akiweza aanze Kifaransa sasa hivi, Alliance Française pale Upanga wanafundisha, Kifaransa kina pointi zake za ziada na kuna awamu wanaita wenye Kifaransa peke yao.