Naomba ushauri: "alipin" wa Ufilipino nimwite mtumwa?

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naandika pepa kuhusu Watagalog wa kisiwa cha Luzon enzi Wahispania wanaingia, nimekwama kwenye neno moja tu. Padri Juan de Plasencia, Mfransisko, mwaka 1589 aliandika desturi zao, akasema chini ya datu (chifu wao) na watu huru kuna alipin wa aina mbili: namamahay akawaita watu wa kawaida, sa gigilid ndo akawaita watumwa. Sasa ukisoma vizuri, alipin namamahay ana nyumba yake, ana mali na dhahabu yake, watoto wake wanarithi, hauzwi, ila bwana anachukua nusu ya mavuno. Huyo ni mtumwa kweli jamani? Yule mwingine, sa gigilid, ndo anakaa kwa bwana na anaweza kuuzwa.

Nimejaribu "mtumwa" kwa wote, msomaji wetu anawaza moja kwa moja soko la Zanzibar, nikaweka "mtumishi" ikawa nyepesi mno, kama hausigeli. Nikaangalia na kitabu cha Mhispania Antonio de Morga cha 1609, ila yule alikuwa hakimu wa serikali ya kikoloni, na kawaita wote watumwa, ingawa anazitenganisha aina hizo mbili.

Sasa niache tu "alipin" nifafanue, au kuna neno letu linalokaa? Na yale maelezo ambayo José Rizal, mwandishi Mfilipino, aliyaongeza kwenye toleo lake la 1890 la kitabu cha Morga, naweza kuyaweka kama ushahidi wakati naye alikuwa anatetea watu wake? Pepa ni Ijumaa, mwenye kujua asipite kimya.