Naomba ushauri: somo la lishe kwa watoto wa mtaani kwetu

Habari zenu wakuu. Kila Jumamosi nakaa na watoto kama 20 hapa Tandale, Dar es Salaam, nawafundisha kula vizuri. Wengi asubuhi wanapewa jero (shilingi 500), inaishia kwenye ubuyu na barafu. Juzi nimesema chai iende na yai, kabinti kakauliza, "Dada, yai la nani?" Nikakosa jibu. Siku hizi nimeachana na picha za matufaha (nani anayanunua huku?), nazungumzia dagaa, maharage na matembele. Ila mboga zinachemshwa mpaka zinakuwa nyeusi, vitamini C nyingi imepotea, na anayepika ni mama, si mtoto. Nawaingiaje akina mama bila kuonekana nawasimanga? Na hiyo jero, mtoto anunue nini?