Mjadala: Je, ni haki shujaa achomwe jambia mara thelathini na bado asimame?

Mleta mada

Wakuu mnaocheza Dungeons & Dragons, naomba tulijadili hili kwa kina: ni sawa pointi za uhai wa mhusika ziongezeke kila anapopanda ngazi, huku makali ya silaha yakibaki palepale?

Kwa ambaye hajacheza: huu ni mchezo wa mezani ambako kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na msimamizi anaongoza hadithi. Adui akikupata, anarusha dadu ya silaha yake, na namba inayotoka inakatwa kwenye pointi zako. Zikifika sifuri, umeanguka.

Mchezo ulipotoka mwaka 1974, wabunifu wake Gary Gygax na Dave Arneson waliweka hesabu nyepesi. Silaha zote, jambia hata shoka, zilitumia dadu moja ya pande 6. Uhai wa mtu wa kawaida nao ulitokana na dadu hiyohiyo. Kwa hiyo pigo moja likimpata, nafasi ya kumwangusha ilikuwa 21 kati ya 36. Silaha iliogopwa! Mwaka 1975 kitabu cha nyongeza cha Greyhawk kikaipa kila silaha dadu yake: jambia pande 4, upanga mrefu pande 8. Hilo nalipenda.

Sasa chukua kanuni za 2014, yaani toleo la tano la mchezo huu. Mpiganaji wa ngazi ya 10 mwenye mwili imara kiasi ana pointi 84. Jambia tupu, bila nyongeza ya nguvu, hukata wastani wa 2.5. Yaani achomwe mara 34. Mimi naona hapo silaha imeshakosa maana, na mchezaji anaacha kuogopa.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, unazihesabu pointi kana kwamba ni damu. Gygax mwenyewe alilijibu hili mwaka 1978 katika kitabu cha wachezaji. Alitoa mfano wa mpiganaji mwenye pointi 85, akasema ni upuuzi kuamini mwili wa binadamu unaweza kuhimili mapigo ya kuua farasi wa vita wanne. Sehemu kubwa ya pointi hizo ni ujuzi, bahati na ulinzi usioonekana. Pigo linalokata 8 kutoka 84 limekuchosha, limekuyumbisha. Zile za mwisho ndizo nyama.

Ndiyo maana kanuni za 2014 zinakurudishia pointi zote ukipumzika saa 8. Uchovu huisha kwa usingizi, jeraha la mkuki haliishi.

Mchangiaji wa pili

Sikubaliani. Kama upanga haukugusa mwili, sumu iliyopakwa kwenye ncha imeingiaje? Msimamizi anakwambia umelikwepa jambia, halafu papo hapo anakuambia urushe dadu kuishinda sumu. Na kuanguka je? Ukidondoka futi 200 ni dadu 20 za pande 6, wastani 70. Mpiganaji wa pointi 84 atainuka karibu kila mara. Ardhi haikwepeki kwa ujuzi wa upanga.

RuneQuest ya 1978, mchezo mwingine wa aina hii, ilitoa njia bora. Pointi zinatokana na uimara na ukubwa wa mwili, hazipandi kwa sababu umekuwa maarufu. Mkono una zake, kichwa kina zake. Ujuzi wako unaonekana pale unapokinga pigo. Mtu anafikiri mara mbili kabla ya kuchomoa upanga, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mchangiaji wa tatu

Mnasahau pointi zilianzaje. Arneson alieleza kwamba mwanzoni pigo moja liliweza kumuua mhusika, na wachezaji wake hawakupenda kuwapoteza watu wao namna hiyo. Akaazima wazo kutoka michezo ya vita vya manowari, ambako chombo hupigwa na kupigwa kabla ya kuzama. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kazi ya pointi ni kukupa muda wa kuamua: niendelee au nikimbie? Ukiiondoa hiyo, anayeumia ni mchezaji mgeni, anayekufa kabla hajaelewa kanuni.

Mleta mada

Hoja ya muda naikubali, na imenifanya nipunguze ninachodai. Pointi zipande, lakini ziwe za mtu anayejua kwamba yuko vitani. Aliyelala au aliyefungwa hana ujuzi wa kutumia wala muda wa kuamua, kwa hiyo pointi zisimlinde. Kanuni za 1979 ziliruhusu kumuua moja kwa moja aliyelazwa kwa uchawi. Za 2014 zinaongeza dadu tu: jambia linarushwa mara mbili, wastani 5 kati ya 84. Napendekeza tuirudishe ile ya 1979, na ihusu hata usingizi wa kawaida.

Mchangiaji wa kwanza, nataka jibu lako hasa. Yuko macho, mikono huru, ila jambia liko shingoni mwake tayari. Huyo pointi zake 84 zinamlinda au hazimlindi?