Tupeane uzoefu: kitabu gani kilikutoa kwenye rafu uliyoizoea?

Fundi Mbagala

Wakuu, heshima kwenu wote.

Mimi ni fundi friji, elimu yangu ni kidato cha nne, na kwa karibu miaka kumi na mitano nilikuwa nasoma aina moja tu ya vitabu: upelelezi. Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, basi. Nikivimaliza naanza upya. Mtu akinitajia mashairi nilikuwa najiona nimerudishwa darasani kusubiri viboko.

Mwaka juzi nilipita kwa mzee mmoja anayetandaza vitabu vya mitumba chini, maeneo ya Posta. Nikamuuliza kama kuna Musiba yeyote. Akasema leo hakuna, akanichomolea kijitabu chembamba, jalada limebanduka, gundi ya mgongoni imekauka na kupukutika kama ganda la kitunguu. *Wasifu wa Siti binti Saad*, cha Shaaban Robert. Nilikichukua kwa vile tu sikupenda kurudi nyumbani mikono mitupu.

Kurasa za mwanzo nilikuwa nasubiri adui ajitokeze. Hakujitokeza. Niliyemkuta ni binti wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akitembeza vyungu na kuvinadi, hajui kusoma wala kuandika, na sauti hiyohiyo ndiyo ikaja kumfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za taarabu. Hapo nilifunga kitabu kwanza. Mama yangu alitulea kwa kutembeza samaki wa kukaanga. Beseni kichwani, "samakiii", ile i ya mwisho anaivuta mpaka anapotelea kona ya pili. Shuleni nikiulizwa kazi ya mzazi nilikuwa naandika "mfanyabiashara" ili wenzangu wasijue. Leo namkuta Shaaban Robert mwenyewe ameketi akaandika kitabu kizima juu ya mwanamke aliyeanza kwa kunadi njiani!

Jioni nilimsomea mama. Akasikiliza, akauliza kitu kimoja tu: "Vyungu vizito. Alikuwa anatua wapi?" Tukaongea habari ya kutua mizigo mpaka usiku. Nilikuwa sijui kwamba kuna nyumba moja Mtoni kwa Azizi Ali walikuwa wanamruhusu aweke beseni barazani wakati wa jua kali, na kwamba mpaka leo anawaombea dua.

Tangu hapo nina utaratibu wangu: nikimaliza kimoja cha risasi, kinachofuata lazima kitoke rafu nyingine. Tamthiliya nimepita, historia kidogo nimepita, utenzi bado unanitoa jasho.

Sasa naomba tupeane uzoefu. Sitaki orodha ya vitabu bora, hizo zimejaa kila mahali. Nataka kujua ulikuwa msomaji wa nini, kitabu gani kikakuvusha, na kilikukuta katika hali gani.

Mwanakerewe

Shikamooni wakubwa. Mimi nilikuwa mtu wa hadithi za mapenzi. Za kwenye magazeti tangu nasoma, baadaye hizi za kutumiwa sehemu sehemu kwenye simu, unalipia ili upate mwendelezo.

Niliolewa, ikapita miaka saba bila mtoto. Wenye uzoefu wa hili mnajua maneno yanavyokuja: kwanza kwa utani, halafu kwa mafumbo, halafu mawifi wanaacha mafumbo. Hadithi zangu za mapenzi hapo zilinishinda, kwa sababu zote zinaishia harusini, na mimi matatizo yangu yalianza baada ya harusi.

Babu wa mume wangu alikuwa na sanduku la bati lenye vitabu. Humo nilikuta *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* cha Aniceti Kitereza, mtu wa kwetu Ukerewe. Alikiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akaja kukitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapishwa 1980. Mzee akafariki mwaka uliofuata. Fikirieni mtu kukaa na kazi yake miaka thelathini na mitano!

Ni kinene, na mwendo wake ni wa taratibu. Anakueleza kilimo, uvuvi, namna ya kumpokea mgeni, kila kitu. Lakini kisa chenyewe ni cha mume na mke wasio na mtoto. Ndugu wa mume wanasema yao, wazazi wa mke wanakuja kumchukua binti yao, na Myombekere anakataa kuoa mwingine. Anakwenda ukweni kumwomba mkewe arudi, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anahangaika mpaka anaipata, anaipeleka.

Nilikiweka upande wa mume wangu kitandani, nikachomeka jani la mwembe kwenye ukurasa wa faini. Sikumwambia kitu. Alichukua kama mwezi mzima, maana anasoma akitoka ziwani amechoka. Usiku mmoja akasema, "Huyu bwana alibeba pombe yote hiyo." Nikamwambia ndiyo, alibeba. Akazima taa.

Kikao cha ukoo kilichofuata alisimama yeye. Sitaandika hapa aliyosema, ni ya kwake. Mtoto bado. Ndoa ipo.

Mtu wa Ng'ambo, Unguja

Fundi, mie nakuunga mkono ila kwa jambo moja sikubali: usiuone upelelezi kama kituo cha kuondokea tu. Mie nilikuwa kinyume chako. Nimekulia kwenye vitabu vya dini na historia, riwaya nikiziona upuuzi. Aliyenitoa huko ni Bwana Msa, mpelelezi wa kwenye riwaya.

*Mzimu wa Watu wa Kale* wa Muhammed Said Abdulla ulishinda mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958, ukachapwa 1960. Bwana Msa na kiko chake, hakimbizani na mtu, hapigi risasi. Anakaa, anauliza, anatazama. Watu wote wanasema mzimu umeua, yeye anataka kujua nani alikuwa wapi saa ngapi. Mie ni mtu niliyezoea kupokea habari kwa heshima ya aliyeisema. Kitabu kile kilinifunza kwamba kuuliza si utovu wa adabu. Nikarudi kwenye vitabu vyangu vya historia na penseli mkononi.

Fundi Mbagala

Mwanakerewe, dada yangu, nimesoma mara mbili. Asante sana kwa kutuamini na jambo lako.

Mtu wa Ng'ambo, nimekubali. Nilikosea kusema nimeutoka upelelezi, sijautoka.

Binti wa Amu

Fundi, umesema utenzi unakutoa jasho. Nahisi unausoma kwa macho. Usome kwa mdomo.

Mimi ni mhasibu Nairobi. Kwa miaka mingi nilisoma vitabu vya biashara na vya kujiendeleza tu, karibu vyote kwa Kiingereza. Mamangu alipougua kisukari kikamla macho, nilirudi Lamu miezi minne kumwangalia. Akaniambia nimsomee Mwana Kupona. Kitabu kilikuwa mle ndani siku zote, juu ya kabati, kimefungwa kwa kanga.

Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ni wasia kwa bintiye. Kila ubeti vipande vinne, kila kipande mizani minane, vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kinarudi na kina kilekile kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Hayo yote niliyakariri shuleni nikayasahau. Mamangu hakuwahi kufunzwa mizani darasani, lakini nikisoma vibaya alikuwa akinyanyua kidole kutoka kwenye shuka: "Umemeza moja." Narudi, nahesabu, kweli nimeitamka silabi mbili kama moja. Nikipata Kiamu cha kale, Kiswahili cha Lamu, ambacho mimi mtoto wa mjini nimekipoteza, ananifasiria. *Mato* (macho) na *ndia* (njia) nilikuwa nikizijua. Mengine mengi sikuyajua kabisa.

Nitasema ukweli: sehemu ya kumtii mume ilinikera, nikamwambia. Hakubishana nami. Akasema, "Hapo pite. Nisomee pale anapomwita mwanawe." Kwa hiyo mwanzo wa utenzi tuliusoma labda mara thelathini, pale mama anapomwita binti akae karibu, na wino na karatasi. Mimi nimekaa kitandani, miguu yake iko mapajani kwangu nampaka mafuta.

Amefariki. Kitabu nimekuja nacho Nairobi, kwenye kanga yake ileile.

Zamu ya Usiku

Poleni na majukumu. Mimi ni mlinzi, Arusha. Nilikuwa nasoma gazeti la kufungia vitumbua, chochote chenye maandishi. Mtoto wa bosi alipohama alitupa boksi la vitabu vya shule, nikaomba, nikapewa. Humo kulikuwa na *Juliasi Kaizari*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthiliya ya Shakespeare. Toleo la kwanza ni la 1963, Mwalimu akiwa tayari Rais. Nilishangaa sana alipata wapi muda.

Kusoma peke yangu kulinishinda, majina mengi. Mwenzangu wa geti la pili akasema tugawane. Yeye Bruto, mmoja wa waliomuua Kaizari, mimi Antoni, rafiki wa Kaizari. Mama anayetuletea chai saa kumi alfajiri tukamfanya wananchi. Tulipofika msibani kwa Kaizari, Bruto anahutubia kwanza na mama chai akawa upande wake kabisa: "Kama alitaka ufalme walifanya vyema." Kisha nikasimama mimi na tochi, nikasoma ya Antoni pole pole. Mama akaweka birika chini. Nilipomaliza akasema, "Kumbe walituongopea." Mwenzangu Bruto akakasirika kweli, akasema mimi nimesoma kwa sauti nzuri kuliko yeye ndiyo maana.

Tulibishana wiki nzima. Uchaguzi ulipokaribia, mgombea akiongea redioni, mama chai anatutazama: "Huyu Bruto au Antoni?"

Karani Moro

Mimi naleta uzoefu wa kushindwa. Nilimpenda Kezilahabi kwa *Rosa Mistika*, nikaona huyu nimemwelewa, nikachukua *Nagona*. Kembamba, nikasema wikiendi moja. Nimekianza mara tatu. Sijui niko wapi, sijui ni ndoto au ni kweli, njia zinapotea. Mara ya tatu niliacha kutafuta kisa nikawa nasoma kama ninavyosikiliza mtu mwenye homa anayeongea, nikafika mbali zaidi. Bado sijamaliza. Nitarudi hapa nikimaliza.

Mjukuu wa Ujiji

Sisi ni Wamanyema wa Kigoma, asili yetu ng'ambo ya ziwa, Kongo. Bibi mzaa baba alikuwa akisema "tulikuja" na hasemi zaidi. Mimi nilikuwa nasoma siasa, makala ndefu, mambo ya kisasa.

Halafu nikapata *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi*, yaani Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliyoyaeleza yeye mwenyewe kwa Kiswahili kabla hajafariki Unguja mwaka 1905. Sikuwahi kusoma tawasifu, nikaanza na ya mtu huyu. Kilichonisumbua ni jinsi anavyohesabu. Pembe frasila ngapi (kipimo cha uzito cha zamani), ziliuzwa bei gani, nani anamdai nani. Nilitegemea nisome mtu mkatili anayejua kuwa ni mkatili. Nikakuta mfanyabiashara anayetunza mahesabu yake, na watu wa kwetu wamo humo kati ya hesabu.

Nilikisoma kwa hasira, lakini nilikimaliza. Sasa naelewa kwa nini bibi alikuwa anaishia kwenye "tulikuja". Simshauri kila mtu akisome. Ukikisoma, usikisome usiku peke yako.

Umm Salim, Maskati

Assalaam alaykum. Mjukuu wa Ujiji umenigusa, maana sisi huku tuna upande wetu wa hadithi hiyo na nyumbani hazungumzi mtu.

Mwanangu aliniletea *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyepata Nobel 2021, imefasiriwa na Ida Hadjivayanis. Kiingereza mimi sikijui, nisingeipata abadan. Nilikuwa nasoma vitabu vya dini na vya mapishi. Kitoto Yusuf kinachukuliwa na tajiri kwa deni la babake, na kinaambiwa amwite ami. Nilipofika hapo nilimkumbuka mzee mmoja nyumbani kwetu Unguja, mimi mdogo, sote tukimwita mjomba, akilala chumba cha uani. Sikupata kuuliza mjomba kwa nani. Nimempigia simu dada yangu mkubwa kumuuliza. Alinyamaza kimya, kisha akasema tutazungumza nikija.

Fundi Mbagala

Wa alaykum salaam, mama. Dada akizungumza, na ukiona inafaa, tupo.

Binti wa Amu, pole sana, Mungu amrehemu mama. Jana nilijaribu kwa mdomo, nikiwa nimelala chini ya friji la mteja nasubiri gesi ijae. Nilimeza mizani kama sita hivi, lakini kile kina cha nne nilikisikia kinavyorudi.

Jumamosi nilikwenda kwa yule mzee wa Posta kutafuta Kitereza. Hana. Akachukua kalamu akaandika jina kwenye kifuniko cha boksi ili asisahau, chini ya majina mengine kama ishirini ya watu wengine wanaotafuta vitu vyao. Kama kuna mdau Dar ana nakala, naomba kuazima wiki tatu. Nitakivalisha gazeti, sitakunja ukurasa, na nitakirudisha mpaka mlangoni kwako.